Sangari ya Mpakani

Nilizaliwa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Nakuru, chumba kimoja cha sakafu ya saruji, na mbele ya mlango lile vumbi jeupe linalopanda kutoka ziwani kila kiangazi. Nalisema hili mapema nisije nikadhaniwa mkulima. Mpaka siku niliyoolewa, nyasi kwangu zilikuwa nyasi tu. Kulikuwa na nyasi za mbuzi wa jirani na nyasi za uwanja wa mpira, na sikuona kwa nini mtu mwenye akili zake ajisumbue kujua zaidi ya hapo.

Nikaolewa juu ya Njoro, kwenye shamba la mzungu aliyelima pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Mume wangu alikuwa mswagaji wa maksai wa kulimia. Hatukumaliza mwaka pamoja. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na asubuhi moja malori yalifika kambini kwetu, kwenye zile nyumba za wafanyakazi, yakawachukua wanaume karibu wote. Familia zao zilipakiwa siku hiyo hiyo na kupelekwa zilikoambiwa ndiko kwao. Sisi wawili tuliachwa, mimi na mama mkwe wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyewalea watoto wa bwana, na mke wa bwana alisema haendi mtu. Mume wangu alipokuwa akipanda lori alimgeukia mama yake, si mimi, akasema, "Nitawakuta hapa."

Neno hilo "hapa" ndilo lililotutesa miaka yote iliyofuata.

Hapa palikuwa kipande cha shamba, nusu eka na kidogo, kati ya kambi na pareto ya bwana. Kila familia ilikuwa na chake. Ulilima mahindi, viazi na maharagwe yako ukitoka kazini, na kipande hicho ndicho kilichokupa haki ya kukaa kwenye ile nyumba ya udongo. Ukinyang'anywa kipande, huna chakula, na huna sababu ya kuonekana pale. Hakuna aliyehitaji kutuandikia hayo. Tulikuwa wanawake wawili, mwanamume wetu yuko kizuizini, na tulikaa kwa hisani ya mke wa mtu.

Mvua za vuli zilipoanza, kipande chetu kilikuwa kijani, na mimi, mtoto wa landhi, nikafurahi. Kisha nikaambiwa kijani kile si mahindi. Basi nikachukua jembe. Nililima siku tatu, kila jioni nikitoka kuchuma pareto, nikikatakata kile kijani kwa hasira zote nilizokuwa nazo, na sikukosa hasira. Siku ya tatu ardhi ilikuwa nyeusi, safi. Nikamwita mama mkwe aje aone kwamba msichana wa mjini naye ana mikono.

Alikuja taratibu, akachuchumaa. Hakutazama shamba, alitazama mahali pamoja tu karibu na mguu wangu. Akachomeka vidole udongoni akavuta kitu cheupe, chembamba kama uzi wa kushonea magunia, chenye vifundo vifundo. Kilikuwa kimekatika pande zote mbili. Akavuta kingine, na kingine, vyote vimekatwa na jembe langu, urefu wa kidole kila kimoja. Akavipanga kwenye kiganja chake akanionyesha vile vifundo.

"Kila kifundo ni mche," alisema. "Siku tatu ulikuwa unapanda."

Hivyo ndivyo nilivyojulishwa sangari. Mama mkwe hakunicheka, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angenicheka. Alinichukua mpaka kijitoni akanionyesha nyasi nyingine, ile nene inayotambaa juu ya ardhi, ambayo ng'ombe huipenda. Akasema ile si adui, ile unaishika kwa mkono ukaivuta kama blanketi. Sangari jani lake ni fupi, jembamba, la kistaarabu. Ukiona jani lake utaihurumia. Ubaya wake uko chini, katika hiyo kamba nyeupe, na ncha yake ni ngumu na kali. Jioni ile aliniletea kiazi tulichokuwa tumevuna, akakipasua. Kamba ya sangari ilikuwa imeingia upande mmoja ikatokea upande wa pili, na kiazi chenyewe kizima kabisa, kimetobolewa tu kama ushanga. Sikukila. Yeye alikimenya akakitia kwenye chungu.

Kuiondoa kuna njia moja, nayo ni ya kuchosha. Jembe la kawaida haliruhusiwi kugusa. Tuliazima jembe la meno kutoka kwenye zizi la maziwa, lenye meno manne, moja limepinda. Unalizamisha lote, unalala nyuma na uzito wako mpaka bonge la udongo liinuke, unalitikisa, kisha unaipata ile kamba na unaifuata. Ikienda kushoto, unaenda kushoto. Ikizama, unazama nayo. Ikikatika, unarudi kutafuta ncha iliyobaki, kwa sababu usipoipata hujafanya kitu. Kamba zote zinakwenda kwenye kikapu, kutoka kikapuni zinakwenda kwenye lile jiwe pana juu ya kambi, zikauke wiki mbili, ndipo zichomwe. Niliwahi kuona moja imekaa juani siku kumi, na ilipoguswa na manyunyu usiku ikachipua juu ya jiwe, bila udongo wowote. Nilikaa chini nikaitazama. Nadhani nililia, ingawa pengine ulikuwa uchovu tu unatoka machoni.

Niseme wazi kwamba niliichukia kazi ile. Waandishi wa habari za mashamba hupenda kusema ardhi inamfariji mtu. Mimi haikunifariji. Nilichuma pareto toka asubuhi, mgongo umekunjwa, na alasiri nikaukunja tena upande mwingine. Mama mkwe, aliyekuwa na umri wangu mara mbili na zaidi, alikwenda mbele yangu kwa magoti na hakusimama mpaka giza. Sikumpenda kwa hilo. Ningependa angalau mara moja aseme amechoka, ili na mimi niruhusiwe.

Nyapara wetu alikuwa mtu wa upande wa Londiani, mpole kuliko manyapara wengi. Siku moja alisimama ukingoni kwa muda, akavua kofia.

"Mama, bwana amesema hii sangari ikifika kwa pareto, hii shamba inalimwa na trekta, mara moja. Mimi nimeambiwa tu."

Mama mkwe akamjibu kwamba itakuwa imekwisha kabla ya mvua za masika. Nyapara akasema sawa, akaendelea na njia yake.

Na kweli, Krismasi ilipofika kipande kilikuwa tupu. Tulikuwa tumekipindua chote. Nilikuwa nimepata malengelenge, yakapasuka, yakawa ngozi mpya ambayo ninayo mpaka leo. Tulilala. Wiki tatu baadaye nilikwenda kutazama, nikakuta sangari tena, lakini safari hii haikuwa kila mahali. Ilikuwa imeanza pembeni, pande zote, ikielekea ndani, kama maji yanayoingia kwenye karai lililotoboka.

Nikajua inatoka wapi. Kuzunguka kipande chetu chote kulikuwa na mstari wa matoka. Hilo ni yungiyungi la porini, itoka kwa lugha ya mama mkwe, lenye majani mapana yanayolala na maua meupe yenye mistari ya rangi ya waridi. Chini lina tunguu kubwa kuliko ngumi. Mimi nilidhani ni pambo. Nilishangaa hata kwamba mwanamke mkavu namna ile aliweka maua. Na kila tulipofika kwenye mstari ule, mama mkwe aligeuka na jembe lake akarudi ndani, hatua moja kabla ya maua. Nilidhani anaogopa kuharibu urembo wake.

Nilipomwambia lazima tuyang'oe yale maua, alinitazama kama mtu aliyesikia tusi kanisani.

Ndipo akanieleza. Itoka halipandwi kwa uzuri. Watu wao hulipanda mpakani, mbele ya wazee, na likishapandwa halisogezwi, kwa sababu hata ukilikata, ukalichoma, tunguu lipo chini na litaonyesha mpaka ulikuwa wapi. Anayeling'oa anajing'oa yeye na kizazi chake. Matoka yale aliyapanda na baba mkwe wangu mwaka walioletwa kwenye shamba lile, wazee wanne wakishuhudia, na baba mkwe alikuwa sasa amekufa, na wale wazee walikuwa wamepandishwa malori. Hakukuwa na mtu aliyebaki wa kumpa ruhusa.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilikuwa nimechoka. Nikasema jambo ambalo mke hamwambii mama wa mumewe.

"Mama, mpaka huu tunaujua wawili tu. Ardhi ni ya bwana. Mpaka wake uko kwenye karatasi mjini, na maua yako hayamo."

Hakunisemesha siku tatu. Alinipakulia chakula, akaniwekea maji ya kunawa, lakini neno hakuna. Niliona haya siku ya kwanza, siku ya pili nikakasirika, na siku ya tatu nikaanza kuogopa kwamba nitaishi hivyo na yeye mpaka mume wangu arudi, kama angerudi.

Siku ya nne nilimkuta mpakani kwa magoti. Alikuwa na kijiti kilichochongwa ncha, na mbele yake karai la maji. Alikuwa amelichimbua itoka moja na udongo wake wote, bila kulijeruhi, na ndani ya lile shimo alikuwa ameweka jiwe ili mahali pasipotee. Sangari ilikuwa imejiviringa kwenye mizizi ya lile tunguu, na nyingine ilikuwa imepita katikati ya magamba yake, kama ilivyopita kwenye kiazi. Alikuwa akizitoa moja moja, akifungua gamba kwa ukucha, akivuta, akisuuza. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Nilipokaribia nilisikia anamtaja marehemu mumewe, anamwambia kwamba halihamishi, analiosha tu, na kwamba atalirudisha pale pale lilipokuwa. Kisha akaondoa jiwe, akalirudisha.

"Hivi haitakuwa kuling'oa," akaniambia, bila kugeuka. Lilikuwa swali, lakini aliyeulizwa sikuwa mimi.

Nilichuchumaa karibu naye nikachukua kijiti kingine.

Tulifanya kazi ile wiki nyingi. Matoka yalikuwa mengi kuliko nilivyowahi kuyahesabu kwa macho, na moja lilichukua muda kama wa kupika maharagwe. Tuligawana: yeye alichukua upande wa juu na wa kambi, mimi nikachukua upande wa chini, uliotazama pareto. Sijui kwa nini alinipa upande huo. Pengine kwa sababu macho yangu yalikuwa bora. Ndio upande uliokuwa na maana kuliko zote, maana hapo kulikuwa na mfereji mdogo tu kati yetu na pareto ya bwana.

Mwanzoni niliifanya vizuri, na nilianza hata kuipenda kidogo. Kuna raha fulani kuvuta kamba ndefu ikatoka nzima na ncha yake. Tulikuwa tukionyeshana. Mama mkwe aliwahi kuinua moja ndefu kuliko mkono wake, akaniwekea begani, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu malori.

Mawingu yalianza kukusanyika juu ya milima ya Mau mapema mwaka ule. Nilikuwa nimebakiwa na matoka kumi, yale ya pembeni kabisa chini, na yale ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi. Sangari ilikuwa imeyaingia mpaka moyoni. Siku hiyo nilikuwa nimechuma pareto tangu alfajiri kwa sababu bwana aliogopa mvua, na vidole vyangu vilikuwa vimepasuka. Nililichimbua la kwanza, nikalifungua, nikaona kazi iliyokuwamo, nikalifunga. Nililitikisa tu udongo ukaanguka. Nikalirudisha, nikalishindilia kwa kisigino. Nikafanya vivyo hivyo kwa la pili. Yote kumi niliyamaliza kabla jua halijazama.

Haikuwa bahati mbaya wala kusahau. Nilijua ninachofanya. Nilijiambia sangari kidogo hivyo itakufa yenyewe, na nilipokuwa najiambia nilijua kwamba sangari haifi yenyewe.

Jioni mama mkwe aliniuliza, "Umemaliza?"

Nikamwambia nimemaliza. Akanichemshia maji ya moto nikakanda mikono yangu, akasema baba wa mume wangu angenipenda.

Mvua ikaja. Maharagwe yakaota vizuri, mistari iliyonyooka, na kwa mwezi mzima nilianza kuamini kwamba pengine nimeponea. Kisha asubuhi moja nikaona majani mafupi, membamba, pale pembeni chini. Nikayang'oa kwa mkono kabla mama mkwe hajaamka. Kesho yake yalikuwa mengi zaidi. Nilikuwa nikienda kila alfajiri kukata vichwa tu, kama mtoto anayeficha uji alioumwaga kwa kuukanyaga, na kila nilipokata vichwa kamba zilizidi kunenepa huko chini. Kufikia wakati maharagwe yanatoa maua, sangari ilikuwa imevuka mfereji.

Bwana mwenyewe alikuja na nyapara. Alishuka kwenye gari, akageuza udongo wa pareto yake kwa ncha ya buti, akainama akavuta kamba moja nyeupe, akaishika juu tuione. Hakupiga kelele. Alimwambia nyapara mavuno yakitoka trekta liingie, akapanda gari. Nyapara hakututazama.

Mama mkwe alikwenda mpaka kwenye ile pembe. Alisimama juu ya matoka yangu kumi, nami nikangoja achuchumae, afungue moja, aone. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na nadhani nilitaka kupigwa. Lakini hakuchuchumaa. Alikunja mikono ndani ya shuka lake.

"Niliugusa mpaka," alisema. "Niliambiwa usiguswe, nikaugusa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sentensi moja tu ingetosha. Nilifungua mdomo, nikafikiria kwamba nikisema nitaishi naye vipi, na mume wangu akirudi ataambiwa nini, nikaufunga.

Trekta lilikuja wiki ya kuvuna. Lililima kipande chetu na mstari wote, na matunguu yalibaki juu ya matuta, meupe, yamekatwa vipande. Lilikatakata na sangari vile vile, likaiburuta mpaka katikati ya pareto, kila kifundo mahali pake. Mwaka uliofuata bwana alikuwa na eka nzima ya sangari, akalaumu mbolea. Ningecheka kama ningekuwa na nguvu.

Hatukufukuzwa. Mke wa bwana alitupa chumba nyuma ya jiko lake, mama mkwe akawa wa kufua, na tukapewa kijipande cha kokoto pembeni mwa banda la kuni, mahali ambapo hata sangari haikujisumbua kuota. Mama mkwe hakupanda kitu chochote mpakani. Nilipomuuliza, alisema hana mkono wa kupanda mipaka tena. Alizeeka ghafla, na alizeeka kwa kosa langu. Kila alipoumwa, kila ng'ombe alipokufa shambani, kila mwezi uliopita bila habari za mwanawe, alirudi pale pale: aliugusa mpaka. Na mimi nilikuwa nikikaa naye, nikimfariji, nikimwambia asijilaumu. Nilimwambia hivyo kwa miaka. Nilikuwa nimebaki na uoga ule ule wa siku ya kwanza, na kadiri nilivyouweka ndivyo ulivyozidi kuwa mgumu kuutoa.

Mume wangu alirudi karibu na mwisho wa miaka ile ya hamsini, amekonda, akitembea kwa uangalifu kama mtu anayebeba maji. Alipita kwanza mahali petu pa zamani. Watu waliokuwa wakichuma pareto walituambia baadaye kwamba alizunguka katikati ya maua yao kwa muda mrefu, akitazama chini, akitafuta kwa mguu. Ndipo akauliza, akaelekezwa nyuma ya jiko.

Aliingia akamshika mama yake mikono yote miwili. Mimi nilikuwa mekoni, nimempa kisogo kwa sababu sikuuamini uso wangu. Kisha nikamsikia akiuliza, kwa upole kabisa, matoka yako wapi, mpaka wa baba uko wapi.

"Niliung'oa mimi, mwanangu," mama mkwe alisema. "Ni mimi. Usimuulize mke wako, yeye alinisaidia tu."

Mume wangu akageuka akanitazama. Hakukuwa na lawama katika macho yake, alikuwa akingoja tu kusikia kama nina la kuongeza. Nilikuwa na sufuria ya uji mkononi. Nilimmiminia kikombe, nikamuuliza kama atataka sukari.